Beringi ya Krenki Haifi Peke Yake

Hotuba kwa mafundi na waendesha pikipiki, Tabora

Ndugu zangu mafundi, na ninyi vijana wa bodaboda mlioacha vijiwe asubuhi hii mkaja kunisikiliza, mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuimarisha beringi za krenki, yaani vishikizi ambamo unazunguka ule mhimili unaosukumwa na pistoni, kwenye injini zinazokimbizwa sana. Walionipa mada hii najua wamewaza nini. Siku hizi kuna vijana wanatoa mtungi, yaani silinda, wa cc 150 wanaweka wa 200, wanapanua njia ya hewa, wanafunga kabureta kubwa, halafu haupiti muda injini inaanza kugonga chini. Wanakuja kuuliza, "Mzee, hakuna beringi ngumu kuliko hizi?" Zipo. Lakini mara nyingi iliyotolewa haikuwa dhaifu. Tatizo lilikuwa kwenye kiti ilichokalia, au krenki iliyoizungusha, au oili iliyopaswa kuifikia. Ukiweka beringi ya bei mbaya mahali palepale palipoua ya kwanza, na yenyewe itakufa, ila safari hii utakuwa umelipa zaidi.

Tuanze na nguvu zenyewe, maana tunazitaja bila kuzipima.

Chukueni injini mnayoijua wote, ile ya CG125 ambayo Honda waliitoa miaka ya 1970 na viwanda vya China vikainakili mpaka leo. Pistoni yake inasafiri milimita 49.5 kupanda na hizohizo kushuka. Kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika inafika juu, inasimama na kugeuza mara 150 kila sekunde. Tuseme pistoni, ringi na pini yake vina gramu 150 kwa pamoja. Pale juu inapogeuza, inaivuta konrodi, ule mkono unaoiunganisha na krenki, kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 400. Gramu 150 hizo! Sasa kijana anabadilisha CDI, kile kisanduku cha umeme kinachowasha moto wa plagi, anaondoa kizuizi cha mizunguko, injini inafika 11,000. Mizunguko imepanda kwa chini ya robo, lakini mvuto umepanda kwa karibu nusu nzima, umefika kilo 600 na ushee, kwa sababu nguvu hii hukua kwa mraba wa mwendo. Zile pikipiki kubwa za mbio, 1000 yenye silinda nne, zikifika mizunguko 14,000, kila pistoni inavuta kwa zaidi ya tani moja, na inafanya hivyo mara 233 kwa sekunde.

Huo ni mvuto. Kuna na msukumo wa moto unaoshuka juu ya pistoni, na huo hausubiri mizunguko mingi. Mtu amefunga madumu mawili ya asali na abiria juu yake, anapanda kilima kwa gia ya nne, mkono wa mafuta ameufungua wote na injini inaguna. Hapo krenki inazunguka polepole, pampu ya oili nayo inasukuma kidogo, na moto unakandamiza kwa zaidi ya tani moja kwenye injini hiyohiyo ndogo. Watu wanadhani kukimbiza tu ndiko kunakoua injini. Mimi naona nyingi zinakufa kwa kugunishwa.

Watengenezaji wa beringi za gololi wana kanuni moja ambayo ningependa kila gereji iibandike ukutani: umri wa beringi hupungua kwa mzigo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Maana yake, ukiongeza mzigo kwa robo, umri unabaki nusu. Ukiuongeza mara mbili, inabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo yule aliyepandisha nguvu za injini kwa robo na akashangaa beringi imekwisha nusu ya muda, hana cha kumlaumu muuza spea. Hesabu imekwenda kama ilivyoandikwa.

Kuna krenki za namna mbili, na dawa zake hazifanani. Hizi zetu ndogo za silinda moja ni vipande vilivyobanwa kwa presi: sahani mbili na pini katikati, konrodi inakaa juu ya beringi ya sindano, yenye vijiti vyembamba badala ya gololi, na pembeni krenki inashikwa na beringi mbili za gololi. Pikipiki kubwa nyingi za silinda nne zina krenki ya kipande kimoja cha chuma kilichofuliwa, isiyo na gololi wala sindano. Inazunguka ndani ya metali, vile vipande viwili vya nusu duara vinavyoizunguka shingo ya krenki. Honda CB750 ya 1969 ilikuja na krenki ya kipande kimoja na metali. Miaka mitatu baadaye Kawasaki walitoa Z1 yenye krenki ya kubana na beringi za roli, zenye vijiti vya mviringo badala ya gololi, na wakimbiaji wa robo maili kule Marekani waliipenda mno, kwa sababu beringi ya roli inavumilia oili kidogo. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Ukiiondoa kwa fujo kutoka mstarini, pini zinateleza ndani ya sahani na krenki inajipinda. Wakaanza kuzichomelea pini. Nitarudi hapo, maana kuchomelea ni jambo linalopendwa mno na watu wasiolijua.

Nizungumze kwanza juu ya metali, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi. Mtu anaiona ni kipande chembamba, laini, unaweza kukikwaruza kwa ukucha, anauliza inabebaje tani moja.

Jibu lilipatikana kwenye reli, na sisi watu wa Tabora, wenye Chuo cha Reli na njia panda ya kwenda Mwanza na Kigoma, linatuhusu. Reli ilifika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, watani zangu wa mwisho wa reli wanajua. Lakini miaka ya 1880, huko Uingereza, mhandisi Beauchamp Tower alikuwa anapima beringi za mihimili ya mabehewa. Akatoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Mhimili ulipozunguka, oili ikapanda kupitia lile tundu na kumwagika nje. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akapigilia kijiti, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji akakuta shinikizo la oili pale linazidi mara mbili ya wastani wa mzigo uliokuwa unaikandamiza beringi. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaandika hesabu ya jambo hilo: mhimili unaozunguka huivuta oili na kuiingiza mahali panapozidi kuwa pembamba, oili inakosa pa kwenda, shinikizo linapanda, na mhimili unanyanyuka. Chuma hakigusi chuma. Krenki ya pikipiki ya mbio, ikiwa nzima, inaelea.

Kwa hiyo oili ndiyo inayobeba. Metali ipo kwa ajili ya zile nyakati ambazo oili haijafika au imekatika: unapowasha asubuhi, unaponyanyua tairi la mbele na oili yote ikakimbilia nyuma ya kasha la injini, au uchafu unapopita.

Ndiyo maana metali nzuri ina tabaka. Mgongo ni chuma, katikati ni shaba iliyochanganywa na risasi, na juu kabisa kuna mpako laini wenye unene wa karibu milimita 0.02. Laini, ndiyo. Isaac Babbitt alipotengeneza mchanganyiko wake wa bati, antimoni na shaba mwaka 1839 alilijua hilo: sehemu ya juu ikubali chembe ya uchafu izame ndani yake badala ya kuikwaruza krenki. Ila laini ikiwa nene inachoka na kubanduka, ndiyo maana wakaifanya nyembamba sana na kuiwekea mgongo wenye nguvu. Metali za mbio ni ngumu kidogo kuliko za kawaida ili zisichoke, na gharama yake ni kwamba hazisamehi uchafu. Anayetaka metali ngumu lazima awe tayari kumwaga oili mapema zaidi na kuosha kila njia ya oili kabla ya kufunga. Kama hayuko tayari, abaki na ya kawaida.

Sasa nafasi, yaani uwazi kati ya shingo ya krenki na metali. Kipimo cha kuanzia ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo. Shingo ya krenki yenye milimita 36 inataka nafasi ya karibu milimita 0.036, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Ukiibana zaidi oili haipiti ya kutosha na joto linabaki palepale. Ukiilegeza sana, oili inakimbia pembeni na shinikizo linashuka kwa metali zote zinazofuata. Wenye injini za mbio huwa wanaiacha wazi kidogo kuliko kitabu, na wanaongeza uwezo wa pampu ili kulipia. Kufanya la kwanza bila la pili ni kujichongea. Tumieni ule uzi wa plastiki wa kupimia, au maikromita. Kidole hakipimi mikroni, sehemu moja ya elfu ya milimita. Na zile rangi pembeni mwa metali mpya siyo mapambo. Zinasomwa pamoja na herufi na namba zilizogongwa kwenye krenki na kwenye kasha, kila shingo na rangi yake.

Kuna jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Nusu mbili za metali, zikiwa kwenye viti vyake, huzidi kidogo sana juu ya ukingo. Ukikaza bolti, ule uzidifu unabanwa na metali inashikamana na kiti kwa mgongo wote, na kupitia hapo joto linatoka. Nimeona fundi akichukua tupa akasawazisha zile ncha ili "zikae vizuri". Zikikaa vizuri namna hiyo, zitazunguka. Kile kijino pembeni hakiishikilii metali. Kazi yake ni kuonyesha mahali pa kuiweka tu. Na bolti za konrodi kwenye injini nyingi kubwa hutumika mara moja. Ukizifungua, nunua nyingine, kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, usikaze kwa hisia.

Hebu sahani hii ipite mikononi mwenu. Ni metali zilizokufa, nimezikusanya kwa sababu zinasema ukweli kuliko wateja. Hiyo yenye mistari ya kuzunguka, kama imekwaruzwa kwa sindano, ni uchafu. Tazameni na zile nukta zinazong'aa, ni chembe zilizozama. Hiyo iliyopakazika na kuwa na weusi pembeni ilikosa oili. Hiyo yenye vijishimo na magamba yaliyobanduka katikati ilichoka, na tazameni ni nusu ya juu ya konrodi: moto ulikuwa unagonga kabla ya wakati wake, injini ilikuwa inanoki kwa mafuta mabaya au kwa moto uliowekwa mapema. Ingekuwa nusu ya chini, ile ya kwenye kofia ya konrodi, ningeshuku mizunguko mingi. Hiyo ya mwisho, iliyolika upande mmoja tu, metali haina kosa lolote. Shingo ya krenki ilisagwa ikatoka na umbo la koni. Angebadilisha metali hata mara kumi angepata picha hiyohiyo.

(Sauti kutoka nyuma: Mzee, sisi hatuna silinda nne, tuambie za kwetu!)

Nakuja kwenu, msiwe na haraka kama mna abiria.

Beringi za gololi zina majina, na jina linasomeka. 6205: tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa tano, unapata tundu la milimita 25. Nje ni 52, upana 15. Ndugu yake 6305 ana tundu lilelile la 25, ila nje ni 62 na upana 17, na uwezo wake wa kubeba unazidi kwa kama asilimia 60. Kwa ile kanuni ya ukutani, chini ya mzigo uleule atadumu takriban mara nne. Tatizo mnaliona: kasha lazima litanuliwe milimita kumi, na kwenye makasha mengi ukuta hautoshi, ukikereza unafika kwenye njia ya oili au kwenye tundu la bolti. Pima kwanza kabla hujamshawishi mteja.

Njia ninayoipenda mimi ni nyingine. Ipo beringi ya roli, NU205, yenye vipimo vilevile vya nje na ndani kama 6205, na inabeba takriban mara mbili. Inaingia pale pale bila kukereza. Lakini haizuii krenki kwenda kushoto na kulia, kwa hiyo upande wa pili lazima ubaki na gololi ya kuishika. Na roli haivumilii krenki iliyopinda. Gololi inasamehe kidogo, roli inalika ukingoni. Hizi hamtazikuta kwenye maduka ya spea za pikipiki, nendeni kwa wauza beringi za mashine.

Halafu zile herufi za nyuma: C3. Beringi ya kawaida ya tundu la 25 ina nafasi ya ndani ya mikroni 5 hadi 20. Ya C3 ina 13 hadi 28. Krenki ikipata moto na beringi ikabanwa kwenye kiti, ile nafasi inaliwa. Ya kawaida inabaki haina kitu, inajikaza, inapata moto zaidi, inajikaza zaidi. Muuzaji akikwambia "ni ileile tu, haina hiyo C3", mwachie.

Sasa kiti chenyewe. Kasha ni alumini, beringi ni chuma, na alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kiti cha milimita 52 kikipanda joto kwa digrii 80, kinatanuka kuizidi beringi kwa karibu mikroni 45. Kama beringi iliingia kwa mkono kasha likiwa baridi, injini ikichemka ile beringi inakuwa huru na pete ya nje inaanza kuzunguka kwenye kiti. Hapo ndipo linapokuja jambo linaloniudhi kuliko yote: senta panchi. Fundi anapiga nukta kuzunguka kiti, alumini inainuka, beringi "inabana", mteja anaondoka anafurahi. Zile nukta zinagusa kwa vincha vyake tu. Alumini laini, kwa kugongwa mara 150 kwa sekunde, inalala chini baada ya muda mfupi, na kiti sasa ni kibovu kuliko mwanzo. Nilifunguliwa injini moja iliyotoka upande wa Sikonge, imepandishwa nguvu, kiti kina mistari mitatu ya panchi, maana kila fundi alipiga ya kwake juu ya ya mwenzake. Pete ya beringi imegeuka buluu.

Nafasi ikiwa ndogo sana, ipo gundi maalumu ya kushikizia beringi, safisha mafuta yote kwanza kisha itumie. Ikiwa kubwa, nenda kwa mkerezaji, atanue kiti, aweke bushi ya chuma, akereze bushi kwa kipimo. Na unapoingiza beringi, pasha kasha lote kwenye oveni mpaka tone la maji lichemke na kukimbia juu yake, beringi ikiwa imelala kwenye friji. Itadondoka yenyewe kwenye kiti. Usipashe kwa mtungi wa gesi sehemu moja, kasha litapinda, na usiigonge beringi kwenye pete ya ndani.

Krenki ya kubana inataka kunyooshwa baada ya kila kubadili konrodi. Iweke kwenye vibloku vya V, daili geji, ile saa ya kupimia kupinda, kila upande, izungushe kwa mkono. Mipaka ya vitabu vya pikipiki ndogo mara nyingi haizidi milimita 0.1, kwa injini itakayokimbizwa mimi sipokei zaidi ya 0.03. Gonga kwa nyundo ya shaba, pima, gonga tena. Kazi hii haina haraka, na wengi hawaitozi pesa inayostahili, ndiyo maana hawaifanyi. Pini mpya ipitishie tupa kidogo kwenye ncha: tupa ikiteleza, imekomaa. Tupa ikila, rudisha dukani.

Na kuchomelea? Unachomelea ncha za pini baada ya krenki kunyooka, vidoti vifupi, kwa mashine ya TIG, huku ukipima kila baada ya kidoti kwa sababu joto linavuta. Krenki hiyo haitafunguliwa tena kirahisi. Kwa injini ya mbio fupi inastahili. Kwa bodaboda ya 150, kama pini inateleza, basi tundu limechakaa au krenki ilishabanwa na kubanduliwa mara nyingi mno. Tafuta sahani nyingine. Kuchomelea krenki iliyopinda kunaifanya ibaki imepinda.

La oili nitalisema kwa ufupi, isipokuwa sehemu moja. Tumieni oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea humohumo. 20W-50 inafaa joto letu na mizigo yetu. Filita ya hewa isifunguliwe "ili ipumue", kwa sababu vumbi la njia za mashamba ya tumbaku lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha beringi.

Ile sehemu moja ni hii. Kwenye injini za aina ya CG, kulia, nyuma ya kava ya klachi, mwishoni mwa krenki kuna kikopo kinachozunguka nayo. Oili inapita ndani yake kabla ya kuingia kwenye pini na beringi ya konrodi, na kwa mzunguko uchafu unatupwa ukutani na kuganda. Fungueni kifuniko chake chenye skrubu mkute kilichomo: uji mweusi mzito, unaukwangua kwa bisibisi, una chembe za klachi na za alumini. Ukijaa hauna pa kushika tena, uchafu unaendelea moja kwa moja kwenye sindano. Hakuna anayekisafisha kwa sababu kava ikifunguliwa inataka gasketi mpya. Gasketi!

(Sauti: Na asiye na hela ya kukereza wala ya roli, afanye nini?)

Swali zuri. Kwa utaratibu huu. Kwanza kisafishe hicho kikopo, umwage oili ikiwa ya moto. Pili rudisha CDI ya kiwandani. Bei yake ni ndogo na inakuondolea theluthi nzima ya ule mvuto niliowahesabia. Tatu punguza gia mapema kilimani. Ukishakusanya hela ya kufungua injini, inyooshe krenki na uweke C3 ya kweli. Roli na bushi zije baadaye. Kama bado unautaka ule mtungi wa 200, njoo tupime kiti chako kwanza, hapo mezani, geji iko tayari.